Kupanua ringi ya soketi hadi chumba kipya: tathmini ya kazi ya fundi umeme

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya fundi umeme aliyepeleka soketi katika chumba kipya kilichoungwa na nyumba ambayo soketi zake zote za chini zilikuwa tayari kwenye ringi moja. Hii ni kazi ambayo, ikishakamilika, jicho haliwezi kutofautisha iliyofanywa vyema na iliyofanywa ovyo: soketi zitakuwa zimenyooka ukutani, taa ya mezani itawaka, simu itachaji. Kwa sababu hiyo nimeweka mbele kigezo kimoja kuliko vingine vyote, nacho ni kile ambacho fundi alikipima kwa mita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kabla ya kugusa ukuta na kile alichokipima tena baada ya kukaza skrubu ya mwisho. Kwa kigezo hicho fundi huyu anastahili alama za juu. Kwa plasta yake na kwa namna alivyokabidhi cheti, alama zinapungua.

Ringi ni mzunguko ambao waya wa moto, wa nyutro na wa ethi (ule wa usalama unaokwenda ardhini) hutoka kwenye brekari moja, hupita soketi moja baada ya nyingine, kisha hurejea kwenye brekari ileile, hivyo kila soketi hulishwa kutoka pande mbili. Mpangilio huo ulibuniwa Uingereza katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati wahandisi walioanza kukutana mwaka 1942 walipotakiwa kuandaa mifumo ya umeme ya nyumba za baada ya vita katika nchi iliyokuwa na uhaba wa shaba, na mwaka 1947 kikatolewa kiwango cha BS 1363, kilicholeta plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani yake. Fyuzi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Brekari ya ringi ni ya ampea 32, na zamani ilikuwa fyuzi ya ampea 30. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani, kwa hiyo ulinzi wa waya wa kifaa ulihamishiwa kwenye plagi yenyewe. Kwa kuwa mzigo unagawanyika pande mbili, kebo ya milimita za mraba 2.5 inatosha mahali ambapo njia moja isiyorudi, chini ya brekari hiyohiyo, ingedai milimita za mraba 4.

Akiba hiyo ya shaba ina gharama yake, na gharama yenyewe ni kwamba ringi huharibika kimyakimya. Waya ukichomoka nyuma ya soketi mojawapo, hakuna kinachozimika, kwa maana kila soketi inaendelea kupata umeme kutoka upande uliobaki. Brekari nayo haina habari. Bado inaruhusu ampea 32 zipite kwenye kebo ambayo, hata ikiwa imebanwa juu ya ukuta mahali penye hewa, kiwango chake ni ampea 27, na iliyozungukwa kabisa na sufi ya kuzuia joto hushuka hadi ampea 13.5. Mwenye nyumba anaendelea kuchemsha maji na kupiga pasi huku kebo ikipata moto ndani ya ukuta. Zile testa ndogo za taa tatu zinazochomekwa kwenye soketi, ambazo watu wengi huzinunua wakidhani zimemaliza ukaguzi, haziwezi kuona hitilafu hii hata kidogo, kwa sababu kwao soketi yenye moto, nyutro na ethi mahali pake ni soketi nzima.

Kabla ya fundi huyu alikuja mwingine, ambaye simtaji, na pendekezo lake lilikuwa jepesi: atoe kebo moja nyuma ya soketi iliyo karibu na chumba kipya, aipitishe ukutani, kisha afunge soketi pacha nne mfululizo. Mafundi huliita hilo tawi, na tawi lisilo na fyuzi yake linaruhusiwa kulisha soketi moja tu, ya tundu moja au pacha. Zikizidi hapo, kebo ile moja inaweza kubeba mzigo wa chumba kizima bila msaada wa upande wa pili, na hiyo ni hali ileile ya ringi iliyokatika, safari hii ikiwa imejengwa kwa makusudi. Inawezekana kuweka mwanzoni mwa tawi kiunganishi chenye fyuzi ya ampea 13, na hapo idadi ya soketi haina kikomo, lakini chumba kizima kitagawana takriban wati 3000. Hita moja kubwa inamaliza mgao huo peke yake. Ukiongeza pasi, fyuzi inaungua. Nilipomuuliza kuhusu fyuzi hiyo alisema haina haja, nami nikaona afadhali mazungumzo yaishie hapo.

Fundi niliyemkubali hakutoa jibu siku ya kwanza kuhusu njia atakayotumia. Alisema hawezi kuahidi kupanua ringi ambayo hajui kama ni ringi, kauli iliyonifanya nimwamini kabla hajafungua sanduku lake la zana. Alizima meni swichi, akahakikisha kwa testa ya ncha mbili kuwa hakuna umeme, huku testa yenyewe akiijaribu kwanza mahali penye umeme na kuirudia tena baadaye, ili asije akaamini kifaa kilichokufa. Kisha akazitoa ncha za ringi kwenye ubao wa brekari: mbili za moto, mbili za nyutro, mbili za ethi.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa na utamu kwa anayependa kuelewa mambo. Kwanza alipima ukinzani, yaani kiasi ambacho waya hupinga umeme kupita, kutoka ncha moja hadi nyingine ya kila waya. Moto ulisoma omu 0.44, nyutro 0.44, na ethi 0.73. Usawa wa moto na nyutro ulionyesha kwamba nyaya hizo mbili zimeenda na kurudi kwa urefu uleule bila kukatika wala kulegea. Ethi kuwa juu zaidi hakukuwa na kasoro, kwani katika kebo bapa ya aina hiyo waya wa ethi ni wa milimita za mraba 1.5, nao ukinzani wake ni karibu mara 1.67 ya ule wa 2.5. Kisha akaunga waya wa moto wa ncha ya kwanza na nyutro ya ncha ya pili, na moto wa ncha ya pili na nyutro ya ya kwanza, akazunguka nyumba nzima akipima kwenye kila soketi. Katika ringi iliyo salama, namba inapaswa kuwa karibu ileile kila mahali, nayo ni robo ya jumla ya vipimo viwili vya mwanzo, yaani 0.44 na 0.44 ukigawanya kwa nne, unapata 0.22. Ikiwa ncha zimeungwa kinyume, namba hubadilika kadiri unavyosogea, na fundi asiye makini anaweza kudhani amegundua ubovu kumbe amechanganya kebo zake mwenyewe.

Soketi zote zilisoma 0.22 isipokuwa moja iliyosoma 0.27, na hiyo moja ilikuwa ileile ya ukuta unaopakana na chumba kipya, ambayo fundi wa kwanza alitaka kuanzia. Ilikuwa tayari ni tawi. Zile omu 0.05 za ziada ni kebo ya kwenda na kurudi ya kama mita tatu na nusu, iliyoongezwa zamani na mtu ambaye hakuacha maandishi yoyote. Laiti soketi nne zaidi zingeungwa hapo, mzigo wote wa chumba kipya pamoja na wa soketi ya zamani ungening'inia kwenye kebo moja, na testa ya taa tatu ingesema kila kitu ni shwari. Kuna mafundi wanaofungua soketi, wakahesabu kebo zilizo nyuma yake na kutoa hukumu: moja ni tawi, mbili ni ringi, tatu ni ringi yenye tawi. Hesabu hiyo husaidia kukisia, ila kebo mbili zinaweza pia kuwa tawi lililozaa tawi jingine, na mita pekee ndiyo inayoondoa shaka.

Suluhisho lake lilinipendeza kwa sababu liliondoa kosa la zamani badala ya kulikwepa. Kwenye soketi ambako tawi lilianzia kulikuwa na kebo tatu: mbili za ringi na moja ya tawi. Alichomoa moja ya kebo za ringi, akaacha umeme uingie kwenye soketi hiyo na kutoka kupitia iliyokuwa kebo ya tawi, ukafika soketi ya mpakani, ukaingia chumba kipya, ukapita soketi zake zote, kisha ukarudi kwa kebo ya pili hadi mahali pale pa kuanzia, ambapo kebo hiyo ya kurudi iliungwa na ile ya ringi iliyochomolewa. Kwa njia hiyo soketi iliyokuwa tawi ikawa sehemu kamili ya ringi. Kiungo hicho aliweka nyuma ya soketi, ndani ya kisanduku kinachofunguka kwa skrubu mbili. Alikataa kukizika ukutani, na sababu aliyotoa ni sahihi: kiungo cha skrubu lazima kifikike kwa ukaguzi, kwa vile skrubu hulegea kadiri miaka inavyopita.

Swali ambalo msomaji makini angeuliza ni kwa nini tusivute mzunguko mpya kabisa kutoka kwenye ubao wa brekari. Fundi aliliibua mwenyewe, jambo linaloonyesha uaminifu. Mzunguko wa njia moja wenye brekari ya ampea 20 na kebo ya milimita za mraba 2.5 kwa kawaida huhudumia eneo la hadi mita za mraba 50, ni rahisi kuupima, na ukikatika soketi za mbele huzimika, hivyo tatizo hujitangaza. Kwa jiko, karakana au chumba cha kufulia ningeuchagua bila kusita, kwa kuwa huko mizigo mizito hukaa pamoja na hufanya kazi kwa muda mrefu. Chumba hiki lakini ni cha kulala na kusomea. Eneo lote la ringi pamoja nacho halifikii mita za mraba 100 ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha ringi moja, na ubao wa brekari ulikuwa umejaa. Mimi mwenyewe naamini kuwa sifa za ringi hukuzwa kupita kiasi na waliozoea kuifunga, ila pale ambapo ipo tayari, imepimwa na ina nafasi, kuipanua si uamuzi wa uvivu.

Kuhusu upitishaji wa kebo sina mengi ya kulalamika. Kila kebo iliyo ndani ya ukuta inapanda wima au kwenda mlalo kutoka kwenye soketi, haikatizi kwa mshazari, ili atakayetoboa ukuta kesho kuning'iniza picha aweze kukisia ilipo. Kwenye maboriti ya sakafu alitoboa katikati ya kimo cha mbao, akiacha angalau milimita 50 kutoka juu na chini ili msumari wa ubao wa sakafu usiifikie. Mahali ambapo sufi ya kuzuia joto ilikuwa imetandazwa, aliipitisha kebo upande wa chini ikigusana na dari badala ya kuizamisha katikati ya sufi, kwa kuwa kanuni hudai kebo ya ringi iweze kubeba si chini ya ampea 20 mahali ilipolazwa. Kebo za zamani zilikuwa na rangi nyekundu na nyeusi, mpya ni kahawia na buluu, naye aliweka kibandiko kwenye ubao wa brekari kumtahadharisha atakayefuata kwamba rangi zote mbili zimo katika mzunguko mmoja. Kila waya wa ethi ulivishwa mpira wa kijani na njano, na kila waya aliouingiza kwenye terminali aliuvuta kwa vidole baada ya kukaza, mmoja mmoja, hata ule ambao ulionekana wazi kuwa umeshika.

Lawama yangu ya kwanza inahusu kile kisanduku chenye kiungo. Kilichokuwapo kilikuwa na kina cha milimita 25, na kebo nne za milimita za mraba 2.5 pamoja na viunganishi haziwezi kukaa humo bila kubanwa hadi uso wa soketi ukatae kulala ukutani. Alijaribu kuzikunja, akaona hazikubali, akakitoa na kuweka cha milimita 47. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila alipaswa kuuona tangu alipochora njia ya kebo, si baada ya kuwa amekwisha kupiga plasta ukuta ule. Matokeo yake plasta iliwekwa mara mbili, ya pili kwa haraka juu ya ile ambayo haijakauka, na sasa ina ufa mwembamba unaozunguka soketi. Usalama hauathiriki. Fundi wa rangi atalazimika kuikwangua.

Vipimo vya mwisho alivifanya kwa utaratibu uleule wa mwanzo. Moto na nyutro zilisoma 0.58 kila mmoja, ethi 0.96. Tofauti ya 0.14 kwenye waya wa moto ni karibu mita 19, ukijua kwamba mita moja ya shaba ya milimita za mraba 2.5 ina ukinzani wa miliomu 7.41; nilipojumlisha urefu wa kebo mpya na ile ya tawi iliyoingizwa ringini, hesabu ilikubali. Soketi zote, pamoja na ile iliyokuwa ikisoma juu kuliko wenzake, zilionyesha 0.29. Aliporudia kwa waya wa moto na ethi, namba zilicheza kati ya 0.38 na 0.39 nyumba nzima. Ni nadra mteja kuoneshwa ushahidi mwepesi kuusoma kama huo, na ningemshauri yeyote anayeagiza kazi ya aina hii aombe kusimama karibu wakati mita inasomwa.

Baada ya hapo alipima uhami wa nyaya, yaani uwezo wa ganda lake kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, akiwa ameondoa kwanza kila kifaa kilichochomekwa ili asiunguze vya kielektroniki, na kipimo kilikuwa mbali juu ya megaomu 1 ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika. Kifaa cha RCD, kile kinachokata umeme unapovuja, kilijaribiwa kwa nusu ya miliampea 30 na hakikukata, kisha kwa miliampea 30 kamili kikakata ndani ya muda unaotakiwa, ambao haupaswi kuzidi milisekunde 300. Alibonyeza pia kitufe cha majaribio kilicho juu yake, akaeleza kwamba kitufe hicho huonyesha tu kuwa mtambo wa ndani unasogea, na hakichukui nafasi ya kipimo cha muda.

Lawama ya pili ni ya karatasi. Cheti cha kazi ndogo, ambacho hutolewa mzunguko uliopo unapoongezwa bila kuundwa mpya, hakikukabidhiwa siku kazi ilipokwisha. Kililetwa baada ya kukumbushwa, na nafasi ya ukinzani wa kitanzi cha ethi ilikuwa tupu. Namba hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba moto ukigusa ethi, brekari itakata papo hapo, na kwa brekari ya ampea 32 ya aina B haipaswi kuzidi omu 1.37. Fundi hakubishana. Alirudi na mita, akapima kwenye soketi ya chumba kipya iliyo mbali zaidi na ubao wa brekari, akapata 0.71, akaijaza mbele yangu na kusaini upya. Nakala imebandikwa ndani ya mlango wa ubao wa brekari, pamoja na mchoro wa mkono unaoonyesha ringi inavyopita sasa, soketi kwa soketi, na mahali kilipo kile kiungo.